Intani, soma umri kabla ya D-dima

Wadogo zangu, nawapenda, ila mnanizeesha. Kila kundi jipya likiingia wodini naona jicho limeganda kwenye namba ya D-dima, kipimo cha mabaki ya bonge la damu lililovunjwa, na safu ya umri na jinsia haijaguswa.

1. Chupa ya kifuniko cha bluu ijae hadi mstarini. Ikiwa nusu, sitrati, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo chupani, inakuwa nyingi mno kwa damu iliyomo na majibu hayaaminiki.

2. Umri. Nikiwa kama ninyi nilimpokea babu wa miaka 78, kifua kinambana, alama zake za Wells, za kukadiria uwezekano wa bonge la damu mapafuni, ziko chini. D-dima ikatoka 690, na kikomo kilichochapwa kwenye karatasi ni 500. Nikaandika "chanya" kwa wino mwekundu, nikajiona bingwa. CT, mashine ya kupiga picha za mapafu, ilikuwa mbovu, basi nikamwanzishia heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tukisubiri mafundi. Usiku uliofuata akaanza kupata choo cheusi. Kumbe ana vidonda vya tumbo, na sikuwa nimemuuliza. Tukahangaika kutafuta damu ya kumwongezea huku binti yake ananiuliza, "Daktari, hivi baba mnamtibu nini?" Sikuwa na la kumwambia. CT ilipopona, mapafu yalikuwa safi. Babu naye akapona, bila msaada wangu.

Baada ya miaka 50, kikomo ni umri mara 10. Yeye kikomo chake kilikuwa 780! Utafiti wa ADJUST-PE ulishalionyesha hilo mwaka 2014. Mimi ndiye sikuwa nasoma. Hesabu hiyo ni ya FEU, mojawapo ya vizio vya D-dima, na kwa mgonjwa ambaye Wells haijapanda sana. Maabara yenu ikitoa DDU, kizio kingine, namba ni kama nusu, hivyo msizidishe kwa 10.

Halafu kuna swali mnalokwepa kwenye raundi: PAI-1, protini inayozuia kuyeyuka kwa bonge la damu, huongezeka uzeeni, kwa hiyo kuyeyusha bonge kunabanwa, mbona D-dima inapanda? Kwa sababu D-dima ni makombo ya fibrini, nyuzi za bonge, zikishavunjwa. Mzee hutengeneza fibrini nyingi zaidi, na figo zake huyaondoa makombo polepole. Makombo mengi hayana maana kwamba plasmini, kimeng'enya kinachoyeyusha bonge, inafanya kazi vizuri.

3. Jinsia. Kabla ya kukoma hedhi, mwanamke kwa kawaida ana PAI-1 ya chini kuliko mwanamume wa rika lake. Hedhi ikikoma, pengo linafifia. Mimba huvuruga hesabu yote: kondo la nyuma huleta PAI-2, ndugu wa PAI-1, na D-dima hupanda kadiri mimba inavyokua. Mnapima D-dima kwa mama wa wiki 36, halafu mnakuja mbio kwangu mmeshika karatasi. Mlitarajia nini? Muulizeni hedhi ya mwisho kabla ya kushika sindano.

4. Mnaoandika tasnifu: PAI-1 huwa juu asubuhi na hushuka mchana. Andikeni saa ya kuchota damu. Msimamizi atauliza, na mwaka huu msimamizi ni mimi.