Hojaji yangu ya uonevu imetoa majibu ya ajabu. Nirekebishe wapi?

SWALI: Assalamu aleikum, Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi hapa Likoni, Mombasa, na nasomea shahada ya uzamili katika elimu. Tasnifu yangu inauliza kama wanafunzi wa Gredi ya 8 wanaoonewa na wenzao hupoteza ari ya kusoma. Nilitafsiri maswali kutoka kwa hojaji za Kiingereza, mwenzangu akayarudisha kwa Kiingereza kuhakikisha, kisha nikayajaribu darasani mwangu. Kwa swali "Je, umewahi kuonewa shuleni?" karibu darasa zima lilijibu ndiyo. Upande wa hisia, alfa, yaani kipimo cha kama maswali ya kundi moja yanakwenda pamoja, ilitoka chini ya 0.5 kwa aibu na kwa fahari. Msimamizi wangu anaona watoto hawakuwa makini, na kwamba nikiongeza idadi hadi 480 kutoka madarasa 12 mambo yatanyooka. Je, ni kweli? Na nikipata uhusiano, naweza kuandika kwamba uonevu ndio unaoua ari? Nimeambatisha hojaji.

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Nimeisoma hojaji yako mara mbili. Kwa heshima zote kwa msimamizi wako, sidhani watoto walikosa umakini. Walijibu ulichowauliza, ila ulichowauliza kwa Kiswahili sicho kilichokuwa kwenye Kiingereza.

Tuanze na kuonea. Hapa kwetu neno hili ni pana sana. Refa akikataa bao, vijana uwanjani hulia "katuonea". Mtoto akipata alama chache kuliko alizotarajia, "mwalimu ananionea". Mama akimtuma dukani mkubwa kila siku na kumwacha mdogo, utasikia neno lile lile. Kiini chake ni kunyimwa haki na mwenye nguvu juu yako, hata kama ni mara moja tu. Tena umeongeza "umewahi", linalofungua maisha yote ya mtoto tangu chekechea. Sijui ni mtoto gani angejibu hapana.

Watafiti wanapozungumzia uonevu shuleni, wengi hufuata maana iliyowekwa na Dan Olweus, aliyeanza kazi hii Sweden miaka ya 1970 na kuiendeleza Norway. Maana yake ina nguzo tatu: kitendo kinafanywa kwa makusudi, kinarudiwa, na anayetendewa ana nguvu ndogo kuliko anayetenda, kiasi kwamba kujitetea ni vigumu. Neno letu limeibeba vizuri nguzo ya tatu, lakini la kurudiarudia halimo. Kwa hiyo usilitegemee neno peke yake. Taja muda, taja kitendo, taja mara ngapi, na useme wazi kwamba unazungumzia wanafunzi wenzake, si walimu: "Katika miezi miwili iliyopita, mwanafunzi mwenzako au kundi la wenzako walikuita jina la kukudhalilisha mara ngapi?" Halafu walikutenga mchezoni, walikusukuma au kukupiga, walikunyang'anya nauli au pesa ya chakula, walieneza uvumi juu yako, walituma picha yako kwenye kundi la WhatsApp ili ukachekwe. Majibu yawe ngazi tano: haijatokea, mara moja au mbili tu, mara mbili au tatu kwa mwezi, kama mara moja kwa wiki, mara kadhaa kwa wiki. Mwaka 2003 Solberg na Olweus walipendekeza mstari upigwe kwenye "mara mbili au tatu kwa mwezi", na kuanzia hapo mtoto ahesabiwe kuwa anaonewa. Ukiutumia mstari huo, andika kwamba umeutumia, maana wengine hupima kwa siku 30 na wengine kwa mwaka mzima. Asilimia zilizopimwa kwa vipimo tofauti haziwekwi meza moja.

Kisha kuna utani, na hapa hojaji za kigeni hazitakutosha. Mitaani mwetu watu hutaniana, na mtoto asiyestahimili utani huonekana ana lake jambo. Ndiyo maana mkosaji akishikwa, neno lake la kwanza ni "nilikuwa namtania tu". Watani hupokezana zamu: leo mimi, kesho wewe, na mmoja akichukia mwingine huacha. Ongeza maswali mawili baada ya yale ya vitendo: "Wakikufanyia hivyo, unaweza kuwajibu?" na "Ukiwaambia waache, huacha?" Mtoto anayesema hapana kwa yote mawili hayumo kwenye utani tena.

Sasa alfa, ambayo naona ndiyo inayokunyima usingizi. Kipimo alichokieleza Lee Cronbach mwaka 1951 hutazama kama maswali ya kundi moja yanakwenda pamoja. Mawili yakivuta huku na la tatu likivuta kule, alfa hushuka. Ukiongeza watoto hadi 480, utapata alfa ile ile ya chini, kwa uhakika zaidi. Kwa hiyo rudi kwenye maneno.

Swali lako la 14 linasema "Naona haya ninaposhindwa kujibu", na la 15, "Naona aibu kwa matokeo yangu". Kwa Kiingereza yote mawili yalikuwa hisia moja. Kwa Kiswahili cha Pwani haya ni sifa njema. Mtoto mwenye haya amelelewa, na asiye na haya ndiye anayesemwa. Kwa hiyo mwanafunzi wako mtulivu mwenye heshima atakubali la 14 kwa moyo mweupe na kulikataa la 15, na wala hajajikanganya. Kama unatafuta ile hisia ya kuumia kwa kushindwa mbele za watu, tumia aibu kote, au ieleze kwa tendo: "Nikipata alama mbaya natamani wenzangu wasinione."

La fahari ni herufi moja tu. Umeandika "Najivuna ninapofanya vizuri Hisabati". Kujivunia jambo ni kulionea fahari, kujivuna ni kujikweza, na mtoto aliyepita madrasa amefundishwa kuchukia kujivuna. Bila shaka alikataa. Andika "Najivunia kazi yangu" au "Naona fahari".

Utauliza mbona tafsiri ya kurudisha haikuyakamata haya. Njia hiyo, iliyoenezwa na maandishi ya mtafiti Richard Brislin ya mwaka 1970, ni nzuri kwa makosa ya wazi. Lakini mfasiri wako akipewa "naona haya" ataandika kwa Kiingereza kwamba mtoto anaona aibu, na akipewa "najivuna" ataandika kwamba anaona fahari. Kwenye karatasi kila kitu kimelingana, huku mtoto amesoma jambo jingine kabisa. Dawa yake ni kukaa na watoto wanane au kumi, si wa darasa lako, mmoja mmoja, na kumwambia kila mmoja: nisomee swali hili, kisha niambie kwa maneno yako linauliza nini. Usimsahihishe, andika tu. Asubuhi mbili za kazi hii zitakufaa kuliko mwezi mzima wa kompyuta. Na usifute swali kwa sababu tu programu imekwambia alfa itapanda ukiliondoa. Jua kwanza kwa nini linavuta upande.

Kuchoka nako kuangalie. Hisia ya kuchoshwa na somo umeiandika "Nachoka darasani". Mtoto aliyevuka feri alfajiri amechoka. Aliyefunga Ramadhani amechoka ifikapo saa sita. Somo halina kosa hapo. Wanafunzi wenyewe husema "naboeka". Wazee hawalipendi neno hilo, lakini hojaji huandikwa kwa atakayeijibu.

Jambo jingine kuhusu hisia, maana ndipo hoja yako nzima inaposimama. Umechukua maswali kutoka kwa kipimo cha hisia za masomo cha mwanasaikolojia Reinhard Pekrun na wenzake, kilichochapishwa 2011. Nadharia yake, aliyoieleza kwa kirefu mwaka 2006, inasema hisia za masomo hutokana na mambo mawili anayoyapima mwanafunzi moyoni: je, naliweza jambo hili, na je, lina maana kwangu? Akiona mtihani ni muhimu na hana uhakika wa kuuweza, hushikwa na wasiwasi. Akiona hauwezekani kabisa, hukata tamaa. Zote hizo ni hisia za kazi ya shule. Lakini swali lako "Naogopa nikiwa darasani" halisemi anaogopa nini. Huenda ni hesabu ubaoni, huenda ni yule anayekaa dawati la nyuma. Ukiliacha hivyo, utapata uhusiano mkubwa sana kati ya uonevu na "wasiwasi wa masomo", na utafurahi, kumbe umepima uonevu mara mbili. Tenganisha: "Nina wasiwasi kwamba sitaielewa Hisabati" liwe peke yake, na "Naogopa wanafunzi wenzangu" liwe peke yake.

Kuhusu ari, usiipime kwa kuangalia bidii ya mtoto. Mtoto anaweza kusoma usiku kucha kwa kuogopa kuchapwa nyumbani. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wametumia miaka mingi kuonyesha kwamba sababu ya kusoma ni muhimu kama kiasi cha kusoma, na kwamba ari inayotoka ndani hulishwa na mahitaji matatu: kuwa na uamuzi wako, kujiona unaweza, na kujiona wewe ni wa watu fulani. Uonevu hulipiga hilo la tatu moja kwa moja. Kwa hiyo uliza kwa nini anasoma, na uliza kama anajiona ana wenzake darasani. Nadhani hapo ndipo tasnifu yako itapata la kusema.

Turudi kwa 480. Watoto wa darasa moja hufanana, na kwa uonevu hufanana zaidi. Christina Salmivalli na wenzake walionyesha Finland mwaka 1996 kwamba kando ya mwonezi na mwonewa wapo wanaosaidia, wanaochochea kwa kucheka, wanaomtetea mnyonge, na wanaojitenga. Ni jambo la darasa zima. Tuseme kiwango cha kufanana ndani ya darasa, kwenye kipimo cha sifuri hadi moja, ni 0.1. Una watoto 40 kwa kila darasa: toa mmoja, wabaki 39, zidisha kwa 0.1 upate 3.9, ongeza 1, ni 4.9. Gawanya 480 kwa 4.9, na uzito wa sampuli yako ni kama watoto 98 waliochaguliwa huru. Ukichukua watoto 20 kwa kila darasa kutoka madarasa 24, idadi ni ile ile 480, lakini uzito unakuwa kama 165. Ongeza madarasa, si watoto kwa darasa. Changamwe, Kisauni na Jomvu pia kuna shule. Wakati wa uchanganuzi, programu ijue nani ametoka darasa gani.

Je, uandike kwamba uonevu unaua ari? Kwa hojaji ya siku moja, hapana. Huenda mtoto aliyekata tamaa ndiye anayechaguliwa kuonewa, au yote mawili yametokana na jambo la tatu. Andika kwamba yanaandamana. Ukiweza kuwauliza watoto hao hao muhula wa kwanza na tena wa tatu, utaona kipi kilitangulia, ingawa hata hapo neno "husababisha" litumie kwa uangalifu.

Vibali unavijua: kamati ya maadili ya chuo, NACOSTI (tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti), na idhini ya mzazi, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaidai kwa taarifa za mtoto. Ninachokusihi ni mambo mawili. Usikusanye data shuleni mwako mwenyewe, kwa sababu mwanafunzi wako hawezi kukujibu kana kwamba si mwalimu wake. Na kabla hujagawa karatasi hata moja, panga na mwalimu mshauri wa kila shule nini kitafanyika mtoto akieleza jambo zito, kisha uwaambie watoto mpango huo mapema. Nambari 116 ya Childline Kenya, ambayo haina malipo, iandike ubaoni wainakili wote, ili anayeihitaji asijulikane.

Watenganishe wakati wa kujibu, dawati kwa mtu mmoja kama nafasi iko, maana anayemwonea huenda ndiye jirani yake. Na karatasi zikishakusanywa usikimbilie feri. Kaa nusu saa ukipanga makaratasi yako mahali unapoonekana. Kuna mtoto atakayejifanya amesahau kalamu.