Kwa wadogo zangu wanaoanza zimamoto Goma: tazama ardhi kwanza

King'ora kikilia mara ya kwanza mtataka kukimbia. Mimi nilikimbia. Ilikuwa Birere, asubuhi, na gari lilikuwa halijasimama vizuri nikaruka, nikavuta mpira wa maji mpaka ndani ya kichochoro, nikageuka kuomba maji. Hayakuja. Mpira ulikuwa umebanwa na gurudumu la chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, lenye magunia ya makala (mkaa), na mwenyewe alishatoroka moshi. Mkubwa wangu wa zamu alikuja akitembea tu. Hakunitukana. Aliniuliza, "Mudogo, ulikuwa naenda wapi bila mayi?"

Mliyofundishwa darasani ni kweli, msiyadharau. Ila mengi yaliandikwa kwa miji ya barabara pana na bomba la zimamoto kwenye kona. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno, na nyumba zake nyingi ni mbao na mabati, ukuta kwa ukuta. Hapa kila kanuni inaulizwa kwanza: kwenye ardhi hii bado inasimama?

Chukua maji. Gari lenye lita 4,000, ukifungua mpira mmoja unaotoa lita 400 kwa dakika, linakupa dakika 10. Ukifungua miwili, 5. Watu watawacheka: ziwa lote lile na nyinyi mnalia maji? Ziwa liko chini, moto uko mtaa wa Majengo, na katikati kuna motari wa pikipiki, maroli na soko. Kwa hiyo kabla ya kufungua maji, mmoja wenu awe ameshaondoka kutafuta maji ya pili: gari la kuuza maji, tangi la mvua la kanisa, bwawa la hoteli. Mimi nina daftari la shule lenye matangi ya kila avenyu tunayoihudumia, na jina la anayeshika ufunguo. Limenisaidia kuliko vyeti vyangu vyote.

Na msimwagie moshi maji. Mgeni huona moshi mweusi akaupiga kwa lansi, mdomo wa mpira, kama anafukuza mbwa. Piga kinachowaka, chini, kwenye shina.

Linalofuata ni gumu, nalo hamtalipenda. Nyumba ya mbao ikishashika dari, hiyo imekwenda. Maji yenu ni ya nyumba ya jirani ambayo bado haijawaka: lowesheni ukuta wake, ng'oeni uzio ulio katikati, vueni mabati yanayogusana. Hayo mtayafanya huku mwenye nyumba inayoungua amekushika mkono wa koti, analia, anakuuliza kwa nini unaogesha nyumba ya mwenzake. Kuna baba mmoja aliniambia nimehongwa na jirani. Sikumjibu, maana ningemjibu nini? Nyumba 6 zilibaki upande ule. Mpaka leo hanisalimii, na ninamwelewa.

Kama kuna mtu ndani, hesabu hiyo yote inabadilika. Lakini msiulize umati. Umati utasema "kuko batu!" hata kama hakuna, au "bote balitoka" hata kama mmoja amelala. Mtafute mama wa nyumba. Mwambie awaite watoto kwa majina na amguse kila mmoja kichwani. Usikubali anaponyoosha kidole tu. Nimemwona mama amesema watano wako hapa, akaanza kugusa, akafika wa nne, mkono ukabaki hewani. Mtoto wa tano tulimkuta chini ya kitanda, hai. Watoto hujificha moto kama wanavyojificha fimbo, kwa hiyo tafuteni chini ya kitanda na nyuma ya pazia kabla ya mlangoni.

Mkiingia, tambaeni. Moshi wa moto hupanda, na hewa inayovutika inabaki karibu na sakafu. Hiyo mnaijua.

Sasa isahauni, maana siku moja mtaitwa upande wa Lac Vert au Bulengo. Hakuna moto wala moshi. Kuna mtu ameanguka kwenye shimo, na mwingine aliyeshuka kumtoa ameanguka juu yake. Hayo ni mazuku, neno letu ambalo hata wataalamu wa volkeno wa nchi nyingine wanalitumia. Kaboni dioksidi inatoka kwenye nyufa za ardhi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, inatuama mabondeni kama maji. Huioni na hainuki. Ikizidi asilimia 10 ya hewa unayovuta, fahamu inakutoka kwa dakika chache tu. Aliyezoea moto atainama atafute hewa chini, na kule kuinama ndiko kunakomuua. Kwenye mazuku uzima uko juu.

Basi ukifika, simama mahali palipoinuka uangalie. Kuna ndege aliyekufa? Mbuzi? Majani yamekauka kwenye duara la bonde peke yake? Ni alfajiri na upepo umelala? Alfajiri ndiyo saa mbaya, kwa sababu hakuna cha kuitawanya. Kitambaa kilicholowa hakikusaidii kitu, wala barakoa ya kuchuja vumbi. Anayeshuka awe na chupa ya hewa mgongoni na kamba kiunoni, na kamba ishikwe na watu walio juu. Kama chupa haijafika, hakuna anayeshuka, hata ndugu wa aliyeanguka akikulilia. Mshike huyo ndugu kwa nguvu. Huyo ndiye maiti wa tatu kama ukimwachia.

Umeme na mafuta sitaviongelea sana, mmefundishwa. Kata umeme kwanza, na ujue kwamba nyumba moja inaweza kuwa na waya mbili, wa kwake na wa kuazima kwa jirani. Kwenye meza za makadhafi wanaouza petroli ya bidoni (madumu) na chupa, weka maji mbali. Petroli inaelea, na maji yatauchukua moto kwenye mfereji mpaka kwa mtu asiyekuwa na habari. Tumia povu au mchanga. Na fukuza wanaokuja kuchota. Wazee wa hapa wanakumbuka Januari 2002, siku chache baada ya volkeno yetu, Nyiragongo, kushuka mjini: watu walikuwa wanachota mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na lava ambayo bado ilikuwa na moto, kikalipuka, wakafa makumi.

Gari nalo liegesheni likitazama njia ya kutokea. Hata kama mnaona mnapoteza dakika kuligeuza.

Akina mama wakija na mabeseni na bidoni, msiwafukuze. Nimeona wageni wakiwasukuma ili waonekane wana kazi. Wapange mstari, mama kwa mama, toka kwenye tangi mpaka ukutani, na mtafute shefu wa avenyu awasimamie, maana yeye wanamsikia. Mstari wa watu 30 wenye bidoni ni gari letu la pili, na wenyewe hawaulizi mafuta ya dizeli.

Moto ukizimika, msiondoke. Geuzeni kila bati, chimbeni kwenye godoro, vunjeni gunia la makala. Makaa yakifichwa na mabati yanangoja usiku, na mkiitwa tena nyumba ileile mtaona aibu ambayo mimi naijua.

Halafu kuna kazi ya mwisho ambayo hamkufundishwa, nayo nawapa nyinyi wageni. Bidoni zitakuwa zimetupwa kila mahali, zote za njano, zote za lita 20, zingine zimeyeyuka mdomo. Zikusanyeni, mzipange kando ya barabara, na mmoja wenu asimame hapo. Nilidhani kutakuwa na vita. Mama wa kwanza alikuja, akapita mstari mzima bila kugusa kitu, akainama kwenye moja iliyofungwa kifuniko kwa uzi wa chandarua, akasema, "Njo hii," akaibeba akaenda kuteka tena.