Mitiki ya mbao haivunwi ikiwa na miaka 8

Wapo wanaouliza kama mti wa mtiki unavunwa kwa mbao ukiwa na miaka 8. Hapana, haitoshi. Weka miaka 20 hadi 25 kwa uchache. Mashamba ya serikali kama Longuza kule Muheza, Tanga, huiacha hata miaka 30. Sababu ni kiini: ule moyo wa kahawia wenye mafuta, usioliwa na mchwa, ndio unaolipiwa, na mti mchanga karibu wote ni mweupe. Anayekupigia hesabu ya mamilioni kwa miaka 8 anakuuzia miche tu, tafadhali usimpe hela yako.

Nina ekari moja Muheza, nilipanda kwa mita 2.5 kwa 2.5, miche kama 640. Yote haifiki mwisho, lazima uipunguze, na ile unayoitoa mapema unauza kama nguzo. Miaka miwili ya mwanzo nilichanganya mahindi na kunde, ndiyo yaliyolipa palizi.

Ila kama kiwanja chako kinatuamisha maji, acha kabisa, mtiki hautaki. Na kama unataka hela mwaka huu, lima mchicha: wiki 3 au 4 unang'oa, mradi una maji ya kumwagilia.