Jibu: Kupanda Rungwe na vijana kumi mwezi wa nne
Mkuu, umeuliza kama vijana kumi wa kwaya wanaweza kupanda Mlima Rungwe, kule Mbeya, Aprili hii bila mwongozaji, maana "njia inaonekana". Inaonekana saa mbili asubuhi. Mchana ukungu ukishuka humwoni aliye hatua tano mbele yako, na kila kijia cha wakata kuni kinafanana na njia.

Sisi mwaka juzi tuligawanyika: wenye mbio mbele, mimi na mwenzangu aliyeumia goti nyuma, na filimbi ya pekee wanayo wao! Tulikutana saa moja usiku, tumelowa, meno yanagongana. Ule mlima una mita 2,960 hivi. Jinzi ikilowa kule juu, baridi haikuulizi kama uko Tanzania. Bebeni sweta kavu ndani ya mfuko wa nailoni.

Wekeni saa ya kugeuka, tuseme saa sita, kilele mmefika au hamjafika. Anayetembea polepole ndiye atangulie. Radi ikianza kunguruma, shukeni kutoka ukingoni. Na mwachieni mtu mjini Tukuyu, chini ya mlima, majina yenu na saa ya kurudi.

Kibali ulizeni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ila mimi Aprili nisingekwenda, ngojeni Agosti.