Natafuta kikundi cha kunisaidia kuacha pombe, lakini naogopa kuonekana

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, nina miaka 41, mke na watoto watatu. Nilianza na mnazi wa jioni mangweni, siku hizi ni pombe kali, na asubuhi mikono hutetemeka mpaka nizimue ndipo niweze kushika chaki. Hutafuna karafuu ili darasa lisinuse. Nimejaribu kuacha peke yangu mara tatu nikashindwa. Nasikia kuna vikundi vya watu walioacha, ila naambiwa hukutana kanisani, nami ni Mwislamu, tena mji wetu ni mdogo. Nitakipata wapi kikundi, na nitaingiaje bila wazazi wa wanafunzi wangu kujua?
Mwalimu, Malindi

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla sijajibu ulilouliza sina budi kusimama kwenye lile ulilolipitia haraka, yaani mikono inayotetemeka mpaka uzimue. Hiyo ni dalili kwamba mwili umeizoea pombe kiasi kwamba ukiikata ghafla, bila mtu wa kukuangalia, unaweza kushikwa na degedege au kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo katika siku chache za mwanzo, na wapo waliokufa kwa njia hiyo huku jamaa zao wakihangaika kutafuta mganga wa majini. Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya hospitali. Mweleze daktari unakunywa nini, kiasi gani na tangu lini, bila kupunguza hata chupa moja, naye ataamua kama ulazwe au upewe dawa huku ukiangaliwa nyumbani. Kikundi kitakusaidia kukaa bila pombe, lakini hakiwezi kukuvusha siku hizo za mwanzo.

Sasa kikundi. Piga 1192, nambari isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize vikundi na vituo vilivyo karibu na Kilifi na Mombasa. Muulize vilevile daktari au mshauri wa hospitali, na usivisahau vituo vya kurekebisha tabia, kwa sababu mara nyingi wanaovisimamia hujua mikutano inayofanyika jirani hata kama huna fedha za kulazwa kwao. Utakapowapata wahusika, uliza wanakutana siku gani, wanazungumza lugha gani, na kama mkutano ni wa wazi, ambao hata ndugu na wageni huruhusiwa kuhudhuria, au ni wa wenye nia ya kuacha pombe tu. Kwa hofu yako, nakushauri uanze na huo wa pili.

Usione haya kutafuta kwa simu. Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA, ilizaliwa hivyo hivyo mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, pale Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alipojikuta hotelini baada ya biashara yake kuharibika, baa ikimwita upande mmoja na simu ikiwa upande wa pili. Alipiga simu kwa viongozi wa dini wasiomjua akiomba aunganishwe na mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, na ndipo alipokutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Nakipenda kisa hiki kwa sababu aliyepiga simu hakuwa anatafuta mtu wa kumhubiria. Alihitaji mtu aliyeijua kiu ile.

Kuhusu kanisa, mara nyingi kinachotumika ni ukumbi tu, kwa kuwa hupatikana kwa gharama ndogo. AA haifungamani na dhehebu lolote, na ingawa hatua zake 12, ambazo wanachama huzifuata ili waishi bila pombe, zinamtaja Mungu, zinasema Mungu kama kila mtu anavyomfahamu. Hutabadilishwa dini kwa kukalia kiti cha plastiki. Sharti la kujiunga ni moja, nia ya kuacha kunywa, na hakuna ada; kikapu kikipita, anayetaka hutia chochote. Yeyote atakayekudai kiingilio kwa jina la AA, muage kwa adabu uondoke.

Hofu ya kuonekana siidharau, maana naujua mdomo wa mji mdogo. Ndiyo maana nasema kikundi kinachokufaa si lazima kiwe cha karibu: ukipata cha Mombasa cha Jumamosi, nauli ya matatu ni ndogo kuliko unayoacha mangweni, na katikati ya wiki unaweza kuhudhuria mikutano ya AA ya mtandaoni kwa jina moja tu, bila kuonyesha uso. Siwezi kukuapia kwamba hutakutana na mzazi wa mwanafunzi, lakini katika mkutano wa wenye nia ya kuacha, akikukuta wewe, naye amekutwa. Na karafuu, mwanangu, hazijamdanganya mtu. Watoto wa darasa la nne wana pua.

Usikihukumu kikundi kwa siku moja. Hudhuria mara tano au sita, kaa kimya ukipenda, kisha umtafute mmoja aliyekaa miaka bila pombe umwombe akulee, akupe nambari yake kwa ajili ya ile saa ya jioni ambayo miguu huijua njia yenyewe.

Mkeo hukumtaja ila kwa kumhesabu. Mwambie leo, na umwombe akusindikize hospitali, kwani daktari atahitaji mtu wa kumweleza unavyolala na unavyoamka. Naye ana kikundi chake, Al-Anon, cha jamaa za wanaokunywa, na unapopiga 1192 uliza habari zake pia.