Kutia sahihi barazani si kuridhia

Ndugu uliyeuliza kama mamako amekwisha kubali machimbo kwa kutia sahihi karatasi ya kampuni barazani: tulia, hajakubali. Lakini usilale.

Mimi ni wa Likoni, Mombasa. Kabla ya kupata kazi bandarini nilikuwa mkalimani wa kukodiwa. Wataalamu wa mazingira wa kampuni wakivuka feri kwenda Kwale wananipitia, nawageuzia Kiingereza chao kwa wenyeji, na Kidigo cha wazee nakirudisha kwao. Siku ikiisha nina pesa yangu na sahani ya biriani.

Baraza lenyewe huwa hivi. Chifu anafungua, dua inasomwa, kisha anasimama bwana mwenye ramani ambayo waliokaa nyuma hawaioni. Anataja ajira, madarasa, zahanati. Maswali yanapewa nusu saa, maana wageni wanaogopa foleni ya feri jioni. Huku karatasi inazunguka: jina, kitambulisho, simu, sahihi. Asiyetia sahihi hapati nauli, na mia tano nani ataiacha?

Hiyo ni karatasi ya mahudhurio, basi. Ila nilikuja kuiona imeambatishwa nyuma ya ripoti ya kampuni ya athari za mazingira, na ndani ya ripoti imeandikwa kwamba jamii inauunga mkono mradi.

Na kosa jingine ni langu. Yule bwana alisema wameshauriana na wenyeji, mimi nikatamka "tumekubaliana nanyi". Ndivyo lilivyonijia mdomoni. Wanaume wote kimya. Bibi mmoja wa nyuma ndiye aliyenishika: "Tumekubaliana saa ngapi, mwanangu? Mimi bado nauliza kisima." Wazee wa kaya, walinzi wa misitu mitakatifu ya Wadigo, walikuwa wameulizwa mapema kuhusu msitu na makaburi, na kwa heshima kabisa. Kisima wanachoteka wanawake hakuna aliyekiuliza, na swali la bibi sikuliona kwenye ripoti.

Sheria nimezisoma baadaye, kwa aibu ile. Kanuni za mazingira za Kenya za 2003 zinataka mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu na watakaoathirika, lakini huko ni kusikilizwa tu. Ridhaa ni jambo jingine. Kama shamba lina hati ya mama, Sheria ya Madini ya 2016 inataka ridhaa yake mwenyewe, ingawa inasema pia asiizuie bila sababu ya maana. Kama ni ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka huohuo inasema mapatano na mwekezaji hayashiki mpaka yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ulioitwa kwa jambo hilo. Chifu na wazee watano hawatoshi. Ila ulizeni kwanza kama jamii yenu imesajiliwa, kwa sababu ardhi isiyosajiliwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa amana, na hapo mazungumzo yanaweza kufanyika Kwale mjini nyinyi mkiwa shambani.

Wakiwaambia ridhaa ni maneno ya wanaharakati, watajieni kesi ya Waendorois, jamii ya wafugaji wa Ziwa Bogoria. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliotangazwa 2010 ulisema kwa mradi mkubwa kwenye ardhi yao serikali haiwezi kuishia kushauriana nao. Lazima ipate ridhaa yao, ya hiari, kabla kazi haijaanza, wakiwa wameelewa.

Habari ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba (asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii) iacheni kwanza. Nimeona ikitangulizwa barazani ili watu waanze kugawana kabla hawajauliza shimo litafika wapi.

Mkutano ujao mama aandike kando ya sahihi yake "nimehudhuria tu", apige picha. Ramani nayo msiikubali ukutani, mwambieni huyo mwenye ramani atembee nanyi mpaka kisimani.

Je, anakumbuka juu ya ile karatasi paliandikwa nini? Kama kuna picha iweke hapa, ila funika namba za vitambulisho.