Mtoto wa Mwenye Karakana Aanzie kwa Fundi

Baba aliponikabidhi karakana yake ya mitumbwi hapa Kirumba, jijini Mwanza, nilizijua hesabu zote za mbao na misumari, lakini sikuwahi hata siku moja kukalafati mtumbwi, yaani kuziba maungio ya mbao zake kwa pamba, kwa mkono wangu. Kwa kuwa sikuelewa kwa nini pamba ishindiliwe mara ya pili kwenye maungio, nilimharakisha fundi mkuu atoe mtumbwi wa mteja kabla haujawa tayari, nao ukaingiza maji usiku wavuvi wakiwa kwenye dagaa. Walirudi salama, namshukuru Mungu, ila aibu ile sijaisahau, na ndiyo sababu nawaandikia wazazi mnaotaka watoto wenu wairithi kazi yenu.

Mtazameni Henry Z. Steinway, kitukuu cha Mjerumani aliyehamia Marekani na kuanzisha kiwanda cha piano cha Steinway & Sons jijini New York mwaka 1853. Alizaliwa mwaka 1915, akasoma Harvard, na alipoingia katika kampuni ya ukoo wake mwaka 1937 alianzia kiwandani, akijifunza kuunda piano pamoja na mafundi. Huko ndiko mtu anakoona jinsi tabaka nyembamba za mbao zinavyogandishwa kwa gundi na kupindwa kwa pamoja ziwe ubavu wa piano kubwa, na kwa nini ubavu huo na fremu ya chuma havitakiwi kufanyiwa haraka, maana nyuzi zitakazofungwa humo huvuta kwa nguvu ya tani 20 hivi. Urais wa kampuni aliupata mwaka 1955, baada ya miaka 18.

Mwaka 1972 kampuni iliuzwa kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, naye akabaki kuiongoza hadi mwaka 1977. Nami naona si fedheha kuuza kazi ya ukoo mwenyewe ukiwa hai na mafundi wako wakijua. Kibaya ni kunyamaza, kwani nimeshuhudia karakana za ufukweni zikigawanywa vipandevipande matangani kwa sababu mzee hakutamka nani ataendelea.

Binti yangu hushinda karakanani kila likizo, chini ya fundi yuleyule niliyemharakisha, ambaye yeye humwita babu. Likizo iliyopita alimaliza ubavu mmoja wa mtumbwi, babu akaupapasa, akaing'oa pamba yote, urefu wa mkono mzima, na kumwambia, "Rudia, mama." Binti alinitazama mimi. Nilimpa nyundo.